Bunduki ya Wanaosahau

…hii nyepesi, ile nzito, na wifi amesimama nyuma ya Gumba anampumulia shingoni kama askari aliyekabidhiwa mahabusu, na kwa kweli amekabidhiwa, hilo halina siri, asubuhi mume alisema nendeni wote wawili mkachague pamoja, pamoja, neno tamu hilo likitoka kwa mtu anayekufukuza, tangu lini bunduki ya kukamulia silikoni ikachaguliwa pamoja na mtu asiyejua silikoni yenyewe inatokea upande gani, na huyu muuzaji naye, mzee wa watu, haoni kwamba mbele ya kaunta yake imesimama vita, yeye anapuliza vumbi tu, kila kitu lazima akipulize kabla hajakuwekea mbele, hata kilichotoka kwenye nailoni sasa hivi, fuu, kama anampozea mtoto chakula, amezipuliza bunduki zote mbili, amezilaza juu ya kaunta, na sasa anauliza, "Haya mama, tufunge ipi?" na Gumba anavitazama vidole vyake mwenyewe kama vya mtu mwingine, hasa kile kinene cha mkono wa kulia kilichompa jina, maana hilo jina hakuzaliwa nalo, walimpa kwenye karakana ya madirisha enzi za usichana wake, alipokuwa anabandika vioo kwenye fremu za alumini kutwa nzima, kila alipomaliza mstari wa silikoni kidole gumba kilikwenda chenyewe nyuma ya bunduki kubonyeza kile kibati kinacholegeza fimbo, klik, ndipo bunduki iwekwe chini, kwa sababu usipobonyeza fimbo inaendelea kusukuma, wewe umeshaondoka zako, umeshakwenda kunywa maji na kupiga soga, huku nyuma silikoni inatoka yenyewe polepole, inajikunja kama funza aliyeshiba, na mwenye karakana alikuwa hana simile, akimkuta funza mezani anakutukana wewe na ukoo wako hadi waliokwisha kuzikwa, kwa hiyo gumba likajifunza, likawa linabonyeza hata penye hewa, hata ameshika kijiko, wenzake wakacheka, Gumba huyo, Gumba, jina likaganda… na kidole kama hicho, kidole chenye jina, ndicho wanachosema kilisahau siku moja tu, siku ile.

Muuzaji alikuwa anaeleza, sauti yake inakuja na kupotea kama redio yenye betri zilizochoka, kwanza alikuwa ametoa ile ya bati jepesi yenye fimbo ya meno-meno, Gumba akairudisha bila hata kuigusa, ile inakata kiganja na inatoa silikoni kwa kushtuka-shtuka, mstari unakuwa kama mwandiko wa mlevi, ndipo mzee akaelewa kwamba huyu mteja si wa kudanganywa akaleta hizi mbili, zote fimbo laini, zote fremu ngumu, ila hii nyepesi yenye mkono wa rangi ya machungwa ni ya kisasa, mama, ukiacha tu mkono nayo inajiachia yenyewe, huna haja ya kubonyeza kitu nyuma, "nzuri sana kwa watu wanaosahau," akasema, bila ubaya wowote, angejua, na wifi akadaka hapohapo kana kwamba alikuwa anangoja arushiwe, "Ndiyo hiyohiyo! Hiyo ndiyo ya kwetu. Maana kwetu watu wakisahau, wengine wanavunjika nyonga," akacheka, kile kicheko chake cha kufunikia, ukikasirika wewe ndiye hujui utani, na Gumba akatazama chini ili asiutazame uso ule, na huko chini ikawa miguu yake, viatu vya wazi vya ngozi, cha kulia soli imebandikwa kwa gundi gani sijui, nene, ya rangi ya meno machafu, imevimba kuzunguka kisigino kizima, loo, mtu anayeingia nyumba za watu akipitisha kidole juu ya makabati kutafuta vumbi, viatu vyake mwenyewe vimetengenezwa na kipofu, nyani haoni… lakini aache, mithali zimemchosha, tangu mama mkwe aanguke kila mtu wa ukoo ule alikuwa na mithali ya kumgawia, hata shangazi wa mume aliyepiga simu kutoka mbali hakukosa moja, kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ati yeye, amelea ndani ya nyumba ile, amezika baba mkwe ndani ya nyumba ile, bado ni kuku, tena mgeni.

Siku yenyewe ilikuwa mchana wa kawaida kabisa, hicho ndicho kinachouma, hakukuwa na dalili wala ndoto mbaya, bafu lilikuwa linavujisha maji pale sakafu inapokutana na ukuta, maji yanapita chini kwa chini yanatokea chumba cha mama mkwe, rangi inabambuka, godoro linanuka, na fundi wa kukodi alishakuja na kurudi na kazi yake ilikuwa kupaka silikoni mpya juu ya ile kuukuu, kama mtu anayevaa soksi safi juu ya chafu, ndipo Gumba akasema nipisheni, hii kazi naijua, akakwangua yote mpaka kwenye kigae, akakausha kwa kitambaa, akaja hapahapa dukani akanunua silikoni ya rangi ya krimu ilingane na vigae, akazunguka bafu lote amepiga magoti, mstari mmoja mwembamba, umenyooka, hata yule mwenye karakana angeuona angenyamaza, na kwa mkali yule kunyamaza ndiko kusifia kwenyewe, ikabaki kona moja tu nyuma ya mlango, hiyo ilitaka wembe mpya, wa kwanza ulishakuwa butu, akaiweka bunduki juu kwenye ukingo wa kidirisha, akatoka kwenda kununua wembe, kwenda na kurudi tu, wala hakuvua kilemba cha kazi, na alisikia kilio akiwa bado getini… mama mkwe sakafuni, mguu umelala upande ambao miguu hailali, wifi, aliyekuwa amekuja kutembea siku ile, amepiga magoti amekishika kichwa cha mama yake, na bunduki haiko tena juu, bunduki iko sakafuni pembeni ya ukuta, na mbele ya mdomo wake funza mrefu wa krimu, mnene, amekanyagwa katikati, alama ya kisigino imeteleza mpaka mlangoni, "Nani ameshika bunduki?" Gumba aliuliza, ndilo neno la kwanza lililomtoka, na hilo nalo wakaligeuza kosa, mama wa watu amevunjika wewe unauliza bunduki, na wifi akainua macho makavu akasema, "Mimi niguse bunduki yako, nina wazimu? Umeiacha mwenyewe, imeanguka."

Imeanguka. Nyumba nzima ikaimba imeanguka, hospitali wakaimba imeanguka, ukingo mwembamba, bunduki nzito, mwanamke mwenye haraka, imeanguka na ikaendelea kukamua kwa sababu mwenyewe hakubonyeza, si unasema mwenyewe kwamba isipobonyezwa inaendelea, walimfunga kwa kamba aliyowapa yeye, na kwa kuwa wote walikuwa na uhakika na yeye peke yake ndiye aliyekuwa na swali, uhakika ukashinda, akaanza kujiuliza akiwa anaosha vyombo, akiwa anaanika nguo, nilibonyeza, sikubonyeza, ile klik niliisikia siku ile au naisikia ya siku nyingine, maana jambo ulilolifanya maisha yako yote halina kumbukumbu yake lenyewe, huwezi kuapa kwamba jana ulifunga mlango, unajua tu kwamba huwa unafunga, na mashaka ni kama maji ya lile bafu, yakipata ufa hayatoki, yanazama, yanatokea chumba kingine, ikafika mahali akishika kijiko anakitazama kidole chake, wewe, mbona ulinifanyia vile, akakichukia, ndiyo, alikichukia kidole chake mwenyewe kuliko alivyomchukia wifi, na hilo si jambo dogo… "Mama, ijaribu basi mkononi," muuzaji alisema, "kitu cha mkono hakichaguliwi kwa macho," na hapo alisema kweli, Gumba akaishika ile ya machungwa, akaukandamiza mgongo wa fremu kwenye kaunta kuona kama unapinda, haukupinda, akaukamata mkono wake akabana, laini, haichoshi, ina tundu la kukatia mdomo wa tyubu, ina sindano ya kutobolea ndani, wamekifikiria kila kitu walioitengeneza, wamemfikiria hata mpumbavu, bunduki hii imetengenezwa na watu walioamini kwamba utasahau, hivyo ukiichukua ni kama umetia sahihi, ndiyo, mimi ni miongoni mwao, nipeni ya kwetu, na kwa nini asitie, kila kitu kingine ameshatia.

Ameshakubali hata begi. Kikao kilikaa sebuleni, yeye akaitwa mwishoni kama maji ya kunawa, akaambiwa kwamba mama amesema harudi kwenye nyumba ile kama atahudumiwa na mkono uliomvunja, wifi ndiye atahamia amwangalie mama yake, na mume akasema, sauti ya chini, macho kwenye zulia, "Si kwamba unafukuzwa, mke wangu, utakwenda tu kwa kaka yako upumzike, mpaka mambo yapoe," upumzike, utadhani alilalamika kwamba amechoka, halafu, bila hata kumeza mate, "ila kabla hujaenda, lile bafu uliweke sawa, unajua kazi yako hakuna fundi anayeifikia," ebu fikiria, mkono ni mbaya wa kumwogesha mama lakini ni mzuri wa kuziba bafu la kumwogeshea, na bunduki ya zamani mume ameshaitupa, aliibeba kwa ncha za vidole mpaka jalalani kama mtu anayetupa kisu cha mauaji, ndiyo maana leo wako hapa wananunua nyingine, kesho mama mkwe analetwa, leo bafu lizibwe, likauke, na begi liko nyuma ya mlango wa chumbani tayari, na Gumba aliinama akalifunga zipu yeye mwenyewe bila neno, hilo ndilo linalomshangaza sasa, bila neno, yeye ambaye karakana nzima ilikuwa inamwogopa mdomo… na huyohuyo mume, jamani, huyohuyo, alikuja kwenye ile karakana kutafuta dirisha la chumba cha kupanga, akasimama akamtazama anavyofanya kazi, akauliza wenzake kwa nini mnamwita Gumba, wakamwonyesha, tazama kidole, akatazama, akarudi siku ya pili na dirisha lilikuwa limeshakwisha, akarudi tena, hana cha kununua, anatazama kidole tu, na baada ya ndoa akawa anamtania mezani, umeweka kikombe chini na hujabonyeza nyuma, leo unaumwa?, na siku moja akasema, "Wewe hata malaika wa kifo akija, utamwambia subiri nibonyeze kwanza," wakacheka mpaka chai ikamwagika.

"Jamani wifi, tutalala hapa? Bunduki tu hiyo," wifi alisema, na kabla Gumba hajageuka mkono wenye bangili ulikuwa umeshampita begani, umeinyakua ile nzito, ile ya kubonyeza, ambayo muuzaji alikuwa ameitia nusu ya tyubu nyeupe kwa ajili ya wateja kujaribia, akasogeza kipande cha boksi akaanza kukamua, "Hii ngumu, inataka nguvu za mwanaume, ona," akabana, akabana tena, na Gumba akawa anatazama bila kutazama, anatazama jinsi mtu anavyotazama mvua, lakini kitu kikamgusa… alivyoishika. Hakuuliza pa kushika. Hakuuliza fimbo inasukumwaje, hakugeuza mdomo akauchungulia kama wanavyofanya wote wasiojua, aliikamata sawasawa, mkono huu chini, huu juu, mdomo umelala upande, kama mtu anayerudi kwenye kazi aliyowahi kuifanya, halafu akailaza juu ya kaunta, tap, akaendelea kuongea, habari za pazia, ati bafuni ataweka pazia la maua badala ya lile la Gumba, lile la mistari linamchanganya mama, na atatoa ile stuli, na atapanga taulo upande wa… na nyuma ya maneno yake, juu ya kaunta, mbele ya mdomo wa bunduki, kichwa cheupe kikachungulia, kikavimba, kikaanza kutoka polepole, bila mtu, kikajikunja. "Mama, mama," muuzaji akaruka na kitambaa, "ukiiweka chini bonyeza nyuma kwanza, la sivyo inaendelea kutoka yenyewe," na wifi akasema, "Kumbe hata ukiilaza tu inaendelea?" na baada ya hapo hakusema kitu.

Katika miaka yote ya uwifi wao Gumba hakuwahi kukisikia kimya cha huyu mwanamke, hata msibani anaongea, hata usingizini watoto wake wanasema anaongea, sasa mdomo ulikuwa umebaki wazi na pazia la maua limekwama humohumo, na macho yake hayakuwa kwa muuzaji wala kwa Gumba, yalikuwa kwa yule funza mweupe juu ya kaunta, na muuzaji hana habari, anafuta, anapuliza alipofuta, anauliza biashara yake, "Na silikoni yenyewe je, nyeupe au isiyo na rangi?" "Ya krimu," Gumba akajibu, sauti ikitokea mbali, "Aa, ya krimu," mzee akakuna kichwa, "hiyo haina wanunuzi kabisa, tyubu moja tu iliyotoka hapa ulichukua wewe mwenyewe ile mara ya kwanza, ngoja nitazame nyuma ya rangi, ilikuwapo nyingine," akainama chini ya kaunta, na alipoinama, Gumba akatazama chini vilevile, na akauona mguu wa kulia wa wifi unarudi nyuma taratibu, unajificha nyuma ya wa kushoto, kama mtoto aliyekojoa mbele za wageni… soli. Gundi ile nene ya rangi ya meno machafu. Si gundi. Wala si meno machafu, ni krimu, krimu iliyotembea vumbini tangu siku ile, imevimba pembeni kwa sababu hakuna aliyeipangusa kwa kidole kilicholowa, kazi ya mtu mwenye haraka, mtu anayechungulia mlangoni mwenyewe asirudi, na hapo ndipo ikamrudia sauti, Mungu wangu, sauti yenyewe ilikuwa masikioni mwake siku zote hizo haina pa kukaa, siku ile wifi aliingia getini anapiga pata, pata, pata, soli imeachama kila anapoinua mguu, hata Gumba alisema akiwa amepiga magoti bafuni, "Wifi, leo unapigiwa makofi mpaka na viatu," wakacheka wote wawili, ndiyo, walicheka, na jioni walipombeba mama kwenda hospitali, kwenye kile kibaraza kirefu cha saruji, mbele ya machela, wifi analia, anakimbia, anaita madaktari, na viatu havisemi neno.

Iliyobonyezwa haitoi. Mwulize fundi yeyote, iangushe kutoka kwenye kidirisha, iangushe kutoka ghorofani, itupe jalalani kwa ncha za vidole, fimbo ikishalegea haina cha kusukuma, itoe funza wapi, funza mrefu namna ile hatokani na kuanguka, funza namna ile ametokana na mkono uliobana, ukashiba, ukailaza chini kwenye sakafu, tap, ukaenda zako na kiatu chako, kwa hiyo haikuanguka, haikuwahi kuanguka, na gumba… akakitazama, kilikuwa kimelala juu ya kaunta kimenyamaza, mwanangu, alikiambia moyoni, mwanangu, nisamehe, nimekuchukia bure, ulibonyeza, klik ilikuwa ya siku ileile, na damu ikampanda ikamfika kwenye nywele, akataka kuuvuta ule mguu uliojificha auweke juu ya kaunta mbele ya mzee, kiatu na kisigino chake, akataka kupiga yowe mpaka bati zote za ukutani zianguke, niguse bunduki yako nina wazimu, ndivyo ulivyosema, umepiga magoti, kichwa cha mama yako mkononi, ukaniangalia ukasema, na ukala chakula changu baada ya hapo, na ukatoa mithali, na hata hukukivua, mbwa we, hata hukukitupa kiatu, ulikuwa na uhakika namna hiyo kwamba sitakitazama… lakini yowe halikutoka, kwa sababu nyuma ya wifi, katika mawazo yake, alisimama mtu mwingine, anatazama zulia.

Maana wifi ni mwoga, basi, mwizi wa tone la silikoni aliyeogopa, watu wa hivyo wapo, na sasa ametambua yeye mwenyewe mguu wake ulifanya nini, hilo limeonekana, ana mzigo wake wa kulala nao, lakini yule, yule alikijua kidole hiki kabla hajajua jina alilopewa Gumba na mama yake, alikuja karakana kukitazama, alikioa, ni mtu mmoja tu katika dunia nzima aliyeweza kusimama kwenye kile kikao akasema hapana, mke wangu hawezi kusahau kubonyeza, ulizeni tena, na angesema hivyo tu, neno moja, asingehitaji hata kuona kiatu, na hakusema, si kwamba hakujua, alijua, aliona ni rahisi zaidi kuwa na mke msahaulifu kuliko dada mwongo, akachagua, kama mtu aliyesimama mbele ya kaunta, hii nyepesi, ile nzito, akachukua nyepesi. Na hapo hasira ya Gumba haikupoa, la, iliacha tu kuchemka, ikaganda, ikawa kitu cha kushika mkononi. Begi liko nyuma ya mlango. Huenda likafunguliwa, huenda likatoka, hilo ataliamua baadaye, lakini likitoka litatoka kwa mkono wa mtu aliyebonyeza, na halitatoka kesho kabla ya mama mkwe kuketi, na kikao kuketi, na mwenye macho kwenye zulia kuinua macho akatazama viatu.

"Haya, ya krimu imepatikana," muuzaji alisema akiinuka na tyubu, akaipuliza, fuu, vumbi likawapata wote wawili, "sasa mama, tufunge ipi?" swali lilelile, kaunta ileile, bunduki mbili zilezile zimelala, na wifi nyuma yake bado anapumua, ila sasa anapumulia mbali kidogo. Gumba akainyanyua ile nzito, ilikuwa bado inachungulia tone jeupe, gumba likaenda lenyewe nyuma, klik, tone likasimama. "Hii ya kubonyeza," akasema. "Ile nyingine ni ya kisasa zaidi, mama, hata ukisa…" "Nimekusikia, mzee wangu, ile ni ya wanaosahau. Mimi sisahau." Kisha akageuka, taratibu, akamtazama wifi usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo, uso ulikuwa umelowa jasho puani, akamwambia kwa sauti ya ndugu kabisa, "Wifi yangu, kesho mama akiletwa, uje na viatu hivyohivyo." "Hivi?" wifi akajaribu kucheka, kicheko hakikufunika, "vimechakaa, wifi, nilikuwa nataka hata kuvitupa leo…" "Usivitupe," Gumba akasema, "soli bado imeshika. Silikoni yangu haiachii." Na muuzaji akaichukua bunduki, akaipuliza tena, akaanza kutafuta gazeti la kuifungia.